Jengo Bila Daftari Huharibika Bila Habari

Hotuba ya mhandisi wa majengo kwa wenye majengo, makeateka na wapangaji wa biashara, Mombasa

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu namna ya kusimamia mitambo na matengenezo katika jengo la biashara. Mada ni pana, lakini nitaibana kwa msemo ambao kila mwenye duka hapa pwani anaujua: mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee walisema hivyo kuhusu biashara, na jengo nalo ni hivyo hivyo. Lifti haifi siku moja, wala paa halianzi kuvuja siku moja. Uharibifu huanza kidogo kidogo mahali ambapo mpangaji hafiki: juu ya paa, ndani ya chumba cha mitambo, kwenye tangi, kwenye shimo la lifti. Asipokuwepo mtu wa kwenda huko na kuandika alichokiona, habari hutufikia siku ya hasara, na pengine siku ya msiba.

Mtu mmoja, daftari moja, ratiba moja

Tuchukue jengo la kawaida la ghorofa sita. Chini kuna maduka na mkahawa, katikati kuna kliniki na ofisi za mawakili, juu kuna chuo cha kompyuta. Watu huona vioo na vigae. Lakini jengo hilo linaendeshwa na vitu wasivyoviona: ubao mkuu wa umeme, jenereta, tangi la chini na tangi la paa, pampu, lifti, viyoyozi, mabomba ya maji taka, kengele ya moto na mipira ya kuzimia moto. Kila kimoja kina umri wake na ugonjwa wake.

Katika majengo mengi, vyote hivyo huachiwa keateka mmoja ambaye pia hufagia ngazi, hupokea kodi na kufungua geti. Pampu ikikwama, huita fundi anayemjua. Fundi huja, hubadilisha kitu, hulipwa na kuondoka. Miezi miwili baadaye pampu hukwama tena, na safari hii huitwa fundi mwingine ambaye hajui mwenzake alibadilisha nini. Mwenye jengo amelipa mara mbili kwa ugonjwa mmoja, na ugonjwa bado upo.

Dawa yake si ghali. Kwanza, pawe na mtu mmoja anayejulikana na wote kuwa ndiye mwenye jukumu la mitambo ya jengo. Si lazima awe mhandisi, lakini lazima awe na mamlaka ya kuita fundi na kuzima mtambo ulio hatari bila kusubiri ruhusa ya mtu aliye safarini.

Pili, pawe na daftari. Kila mtambo uwe na ukurasa wake: ulifungwa lini, ni wa aina gani, nani aliuhudumia mara ya mwisho, alibadilisha nini, na vipimo vilisomaje siku hiyo. Daftari likae kwenye jengo, si kwenye mfuko wa fundi. Fundi akiondoka, historia ya jengo isiondoke naye.

Tatu, pawe na ratiba iliyobandikwa ukutani: kazi za kila siku, za kila wiki, za kila mwezi na za kila mwaka. Mwisho wa mwezi, mkae na kuhesabu. Kazi ngapi zilifanywa kwa ratiba, na ngapi zilikuwa za dharura? Zikizidi za dharura, jueni kuwa ninyi hamliendeshi jengo. Jengo ndilo linalowaendesha.

Umeme na jenereta

Kwenye umeme, adui mkubwa hana kelele. Ni nati iliyolegea. Waya ukilegea mahali unapofungwa, hapo hupata moto, plastiki yake hukauka na kupasuka, na siku mzigo unapoongezeka cheche huruka. Ndiyo maana ubao mkuu unatakiwa kukaguliwa kwa ratiba, nati zikazwe umeme ukiwa umezimwa, na panapowezekana utumike mtambo wa kupimia joto unaoonyesha sehemu iliyopata moto kabla haijaungua. Harufu ya plastiki, breka inayoanguka mara kwa mara au swichi yenye moto ukiigusa ni habari za kuandikwa siku hiyo hiyo. Breka ikianguka mara tatu, usiiwekee kubwa zaidi. Breka inakwambia kitu.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA. Muombe akuonyeshe leseni, na namba yake uiandike kwenye daftari.

Jenereta nayo ina siri yake. Mara nyingi inaposhindwa kuwaka siku umeme umekatika, si injini iliyokufa, ni betri. Kila siku mtu atazame mafuta, maji ya kupoozea na betri. Angalau mara moja kwa mwezi jenereta iwashwe kwa nusu saa ikiwa imebeba mzigo wa kweli wa jengo. Ikiwashwa bila mzigo mara kwa mara, dizeli haiungui vizuri na masizi hujaa ndani ya injini. Dizeli iliyokaa muda mrefu nayo huingiza maji, kwa hivyo tangi lake litolewe maji chini kabisa kwa ratiba.

Mawili ya mwisho kuhusu jenereta ni ya uhai. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Bomba la moshi litoke nje, mbali na madirisha na mahali viyoyozi vinapovuta hewa. Na jenereta isiunganishwe bila swichi maalumu ya kubadilisha umeme, kwa sababu umeme wake unaweza kurudi kwenye laini ya barabarani na kumuua fundi anayeamini laini imezimwa.

Maji

Hapa Mombasa maji yetu ya mfereji hutoka mbali, Mzima na Baricho miongoni mwa vyanzo vingine, na sote tunajua maana ya mgao. Kwa hivyo tangi na pampu ndiyo roho ya jengo. Wekeni pampu mbili zinazopokezana, moja ifanye kazi wiki hii na nyingine wiki ijayo. Pampu ya akiba isiyowashwa kamwe hukwama kwa kutu, na siku ya kuhitajiwa huwa ni chuma tu. Wekeni pia kifaa cha kuzima pampu tangi la chini linapokauka, maana pampu ikizunguka bila maji huungua upesi.

Wengi tuna visima, na vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi. Maji hayo yakitumika vyooni hakuna ubaya, lakini mabomba yake yawe mbali kabisa na ya maji ya kunywa, na yapakwe rangi tofauti ili fundi mgeni asiyaunganishe. Tangi la chini liwe na mfuniko unaofunga, lisiwe na ufa, na lisiwe jirani na shimo la choo. Lisafishwe na kutiwa dawa kwa ratiba, mara mbili kwa mwaka au zaidi. Kipindupindu hakiulizi kama jengo lina vigae vya kifahari.

Sasa tufanye hesabu. Choo kimoja kinachovuja lita moja kwa dakika, uvujaji ambao wengi wetu huusikia na kuupuuza, hupoteza lita 60 kwa saa, lita 1,440 kwa siku, na lita 43,200 kwa mwezi wa siku 30. Hayo ni zaidi ya maboza manne ya lita 10,000. Unalipia maboza manne ili maji yaende kwenye shimo, kwa sababu ya mpira mdogo ndani ya tangi la choo. Somo la mita liandikwe kila asubuhi, na siku za mapumziko liandikwe jioni na asubuhi ya pili. Jengo likiwa limefungwa na mita inazunguka, kuna mahali panapovuja.

Chumvi ya bahari

Mhandisi wa Nairobi hana adui huyu. Kusi inapovuma, chumvi hupanda hadi ghorofa ya juu kabisa. Hula mapezi ya viyoyozi vilivyo nje, hula mabati, ngazi za chuma na vishikizo vya matangi. Viyoyozi vya nje vioshwe kwa maji baridi mara kwa mara na vichujio vya ndani visafishwe kila mwezi. Kichujio kichafu hufanya mtambo ufanye kazi zaidi kwa baridi kidogo, na bili huonyesha hivyo.

Chumvi hiyo hiyo huingia ndani ya zege. Chuma kilichomo kikishika kutu, hufura na kusukuma zege hadi linapasuka na kumeguka. Ukiona mstari wa kutu ukutani, au kipande cha zege kimedondoka chini ya roshani na chuma kinaonekana, usipake rangi juu yake. Rangi huficha ugonjwa na hautibiki. Ita mhandisi wa majengo. Kipande cha zege kutoka ghorofa ya nne kikimwangukia mpita njia, hakuna atakayeuliza rangi ilikuwa nzuri kiasi gani.

Na kabla ya masika, yaani kabla mwezi wa tatu haujaisha, mtu apande paa. Asafishe mifereji, atoe majani na chupa, atazame viungio vya paa. Afanye hivyo tena kabla ya mvua za vuli. Ufa wa paa unaozibwa wakati wa jua ni kazi ya nusu siku. Ukiachwa hadi mvua, ni dari, ni waya za umeme, ni mali ya mpangaji, na pengine ni kesi.

Lifti na moto

Kwa mambo haya mawili sheria imeshasema. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka lifti ichunguzwe kikamilifu na mtaalamu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 6. Uchunguzi huo ni tofauti na huduma ya kila mwezi ya fundi wa lifti. Fundi hupaka grisi na kurekebisha. Mchunguzi hupima kama kamba, breki na vifaa vya usalama vinastahili kubeba watu. Mmoja hachukui nafasi ya mwingine, na vyeti vyote viwe kwenye daftari.

Lifti ikikwama na watu ndani, walinzi wasivunje mlango kwa nondo. Lifti inaweza kusogea, au mtu anaweza kuanguka kwenye shimo wakati anatoka. Zungumzeni nao, watulizeni, ita fundi au zimamoto. Namba ya fundi ibandikwe ndani na nje ya lifti. Na lifti isitumike kamwe kukimbia moto.

Kuhusu moto, mnakumbuka duka kubwa lililoungua katikati ya Nairobi mwezi wa Januari 2009. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha mchana, katikati ya mji, na swali lililoulizwa sana baadaye lilikuwa la milango ya kutokea. Swali hilo bado ni letu. Tukitoka hapa, mwenye jengo apande ngazi zake za dharura hadi juu na kushuka. Je, kuna kufuli? Kuna magunia, viti vibovu, friji kuukuu ya mpangaji? Mlango wa dharura lazima ufunguke kwa kusukumwa kutoka ndani wakati wote watu wakiwamo. Hofu ya wizi haiwezi kuwa sababu ya kuwafungia watu kwenye moto. Kama unaogopa wezi, weka kengele inayolia mlango ukifunguliwa.

Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007 zinataka ukaguzi wa usalama wa moto ufanyike angalau mara moja kila miezi 12, na zoezi la kutoka jengoni angalau mara moja kwa mwaka. Zoezi hilo lisifanywe Jumapili jengo likiwa tupu. Lifanywe siku ya kazi, mpime dakika, muandike.

Mitungi ya kuzimia moto itazamwe kila mwezi. Ile yenye saa ndogo, mshale uwe kwenye kijani. Ile ya gesi ya kaboni haina saa, hivyo hujulikana kwa kupimwa uzito. Pampu ya maji ya moto iwashwe kwa ratiba, na tangi lake lisichotwe kwa matumizi ya kuosha magari.

Uhai wa fundi

Ndugu zangu, mashine hununuliwa nyingine, fundi hanunuliwi. Mtu anapofanya kazi kwenye mtambo, swichi yake ifungwe kwa kufuli, ufunguo awe nao yeye mwenyewe mfukoni, na kibandiko kiandikwe jina lake. Wengi wamekufa kwa sababu mwenzao alipita, akaona swichi imezimwa, akaiwasha kwa nia njema.

Hatari zaidi ni tangi na shimo la maji taka. Ndani yake hewa inaweza kuwa na sumu au kukosa oksijeni kabisa. Mtu huingia, huanguka bila kupiga kelele. Mwenzake huruka kumwokoa, naye huanguka. Kisha wa tatu. Sharti ni moja: hakuna anayeingia kabla hewa haijapimwa na kupulizwa, bila mtu wa kusimama juu, na bila mshipi na kamba ya kumvutia. Aliye juu haingii kwa hali yoyote. Huvuta kamba na kuita msaada. Kibarua aliyeokotwa barabarani kwa bei ya chini hana vifaa hivyo. Mwenye jengo anayemwingiza shimoni ndiye atakayejibu.

Fedha

Najua mtaniuliza pesa zitatoka wapi. Nitoe mfano. Tuseme pampu mpya pamoja na kazi ya kuifunga ni shilingi 240,000, na inatarajiwa kudumu miaka 8. Hiyo ni shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani 2,500 kwa mwezi. Jengo likiwa na wapangaji 20, ni shilingi 125 kwa kila mmoja kwa mwezi. Hakuna mpangaji atakayelia kwa 125. Atakayelia ni yule anayeambiwa, pampu ikiwa imeshakufa na vyoo vimefungwa, kwamba kila mmoja achange 12,000 kufikia Ijumaa.

Fanyeni hesabu hiyo kwa kila mtambo mkubwa: lifti, jenereta, viyoyozi, rangi ya nje. Fedha ziwekwe kwenye akaunti yake, zisichanganywe na kodi. Ada ya huduma si kodi ya pili, ni amana.

Neno kwa wapangaji

Ninyi ndio mnaolipa, kwa hivyo mna haki ya kuuliza. Ulizeni bila ugomvi maswali matano. Nani anasimamia mitambo ya jengo hili? Daftari liko wapi? Lifti ilichunguzwa lini mara ya mwisho? Zoezi la moto lilifanyika lini? Ada ya huduma ya mwaka jana ilifanya kazi gani? Msimamizi mwema atafurahi kujibu. Asiyeweza kujibu hata moja amekwisha kuwajibu.

Nanyi mna wajibu. Msirundike bidhaa kwenye ngazi. Msiunganishe friji tatu, jiko na oveni kwenye soketi moja. Msilete fundi wenu wa kuchomelea bila msimamizi kujua. Mkiona uvujaji, harufu ya kuungua au mlio mgeni, ripotini kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, na mtunze nakala. Pakiwa na hatari na hamsikilizwi, pelekeni habari kwa zimamoto wa kaunti, kwa wakaguzi wa majengo, au kwa ofisi ya Usalama na Afya Kazini.

Mabibi na mabwana, sikuja kuwatisha. Majengo yetu ni maziwa ya watoto wa wengi: mwenye jengo, mwenye duka, mshonaji wa ghorofa ya pili, mlinzi wa geti. Lifti ikifungwa mwezi mmoja, kliniki iliyo juu hupoteza wagonjwa wazee. Umeme ukiungua, mkahawa hutupa samaki. Moto ukiwaka na mlango umefungwa, hatuhesabu hasara tena, tunahesabu watu.

Kesho asubuhi nunueni daftari. Andikeni juu yake jina la jengo na jina la msimamizi. Ukurasa wa kwanza andikeni tarehe, somo la mita ya maji, na hali ya milango ya dharura. Kesho kutwa andikeni tena.